SATO WA KWENYE TANKI: MSHIKO AU KIINIMACHO?

Msomaji wangu, kama hujawahi kusikia neno akwaponiki, basi hujakaa kijiweni vya kutosha. Kanda yetu hii, kuanzia Shinyanga mjini, ukapita Kahama mpaka ukaibukia Katoro na Geita, kijana akishika vijisenti hawazi bodaboda peke yake tena. Anawaza tanki. Ndani ya tanki sato, juu ya tanki mboga, na kichwani mwake hesabu ya mamilioni.

Maneno yenyewe ni matamu, we acha tu. Samaki wanakula, wanachafua maji. Pampu inapandisha maji yale machafu kwenye mboga, mboga zinanyonya mbolea yake, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Hushiki jembe, hupalilii, hununui mbolea. Unakaa kivulini unahesabu wekundu tu!

Mimi si mvuvi wala bwana shamba. Jambo hili lililetwa kwangu na dada yangu wa Kahama, mfanyabiashara wa mchele, aliyenipigia simu sauti ikiwa imemkauka.

“Kaka, huyu mpwa wako anataka milioni tatu na laki mbili kwenye mtaji wangu. Eti anunue matanki manne ya samaki. Nimpe, nisimpe? Hiyo kitu inalipa?”

Milioni tatu na ushee za mchele si mchezo. Hapo ndani kuna ada za wadogo zake, kuna kodi ya fremu, kuna mzigo wa msimu unaofuata. Nikamwambia dada anipe wiki mbili. Nikachukua daftari na kalikuleta, nikaingia mtaani. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

LINAFANYAJE KAZI?

Tusianze na ubishi, kitu chenyewe si uchawi. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua yake. Amonia ikizidi ni sumu, inamuua samaki mwenyewe. Lakini kwenye kokoto za kitanda cha mboga hujijenga bakteria wanaoigeuza kwanza kuwa naitraiti, kisha kuwa naitreti, na naitreti ndiyo mbolea ya mboga. Bakteria hao huchukua wiki nne mpaka sita kujijenga. Ukitumbukiza samaki tanki zima siku ya kwanza, umewachimbia kaburi.

Mambo haya yamefanyiwa utafiti miaka mingi. Mmoja wa mabingwa wake ni Dk. James Rakocy, aliyeyafanyia kazi kwa miongo kadhaa kwenye Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin vya Marekani, na sato ndiye alikuwa samaki wake mkuu. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kitabu kizima cha akwaponiki ya nyumbani. Vipimo vyake ni hivi: tanki la lita 1,000 libebe samaki wasiozidi kilo 20, wale gramu 200 za chakula kwa siku wakishakua, na mbolea yao itoshe mita 4 za mraba za mboga.

Shika vipimo hivyo, maana tutavitumia kwenye hesabu. Wauzaji wengi wa ndoto huwa wanaviruka.

KWA NINI SHINYANGA?

Shinyanga na mboga za kiangazi hawajawahi kuwa marafiki. Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, halafu jua linatawala. Ukame na ukataji miti viliuumiza mkoa huu mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, kurudisha miti na ngitili. Bibi zetu hawakukausha majani ya kunde wakayaita nsansa kwa kupenda. Walijua Agosti hakuna kibichi.

Maji nayo yana historia yake. Mwaka 2009 ndipo maji ya Ziwa Victoria yalipofika Kahama na Shinyanga kwa bomba kubwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Mpaka leo wapo wenye bomba uani na wapo wanaosubiri mkokoteni wa madumu. Tofauti hiyo itakuja kuamua kesi yetu, subiri uone.

Sasa akwaponiki inakunywa maji kidogo sana, kati ya asilimia 1 na 3 ya maji yake kwa siku. Joto la huku sato analipenda. Anakua vizuri maji yakiwa nyuzi 27 hadi 30. Kwa hiyo kwenye karatasi, Shinyanga na tanki la samaki ni pete na chanda. Kwenye karatasi!

LETA KALIKULETA

Bei nilizoweka hapa ni za kukadiria. Wewe futa, weka za mtaani kwenu, ila mpango wa hesabu usiubadilishe.

Kwanza gharama ya kulisimamisha. Lile tanki jeupe la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma, laki mbili na nusu. Pampu ya maji na ya hewa, laki moja na nusu. Vitanda vya mboga, mabomba na viungio, laki mbili. Kokoto, elfu 50. Kichanja na neti ya kivuli, laki moja na nusu. Jumla 800,000. Ndiyo maana mpwa wangu kwa matanki manne alitaka milioni tatu na laki mbili. Hajui ufundi, ila kujumlisha anajua.

Sasa msimu mmoja wa samaki, miezi saba:

Vifaranga 60 kwa shilingi 300, ni 18,000. Tuseme kumi wafe, wabaki 50, kila mmoja afike gramu 400. Hiyo ni kilo 20, kiwango chetu kamili.

Kupata kilo moja ya sato nimekadiria kilo moja na nusu ya chakula. Kilo 30 za chakula kinachoelea, tuseme kilo shilingi 4,000, ni 120,000.

Umeme. Pampu mbili za jumla ya wati 50 zinazotembea usiku na mchana zinakula uniti 36 kwa mwezi, uniti 252 kwa msimu. Bei ya TANESCO kwa mteja wa kawaida imekuwa shilingi 292 kwa uniti tangu 2016. Ukiongeza kodi na tozo inagonga kama 356. Hiyo ni 90,000 kasoro vichele. Na wewe uliye kwenye ile bei nafuu ya shilingi 100, angalia usivuke uniti 75 kwa mwezi, maana za juu yake unalipa 350 kabla ya kodi.

Maji ya bomba, kwa shilingi 2,000 uniti ya lita 1,000, ni kama 16,000.

Jumla ya kuwalea samaki: 244,000. Ukiwauza kilo 20 kwa shilingi 10,000 unapata 200,000.

Umeona? Samaki wamekula 44,000 mfukoni mwako, na hujarudisha hata senti ya tanki. Sato ndiye anayepigwa picha, lakini sato ndiye mwenye hasara.

MCHICHA NDIYE BABA MWENYE NYUMBA

Tugeukie mboga. Mita 4 za mraba zinabeba kama mashina 80 ya spinachi, chainizi au sukuma wiki. Tuseme unakata mafungu 20 kwa wiki. Toa wiki sita za mwanzo za kusubiri bakteria na miche, zinabaki kama wiki 24.

Kiangazi fungu ni jero, hakuna ubishi. Lakini mvua zikinyesha kila uani kuna mchicha, fungu linashuka mpaka mia mbili na mnunuzi bado anaomba nyongeza. Gawanya wiki nusu kwa nusu: wiki 12 za jero ni 120,000, wiki 12 za mia mbili ni 48,000. Jumla 168,000. Toa mbegu na vikorokoro 14,000, unabaki na 154,000.

Sasa mboga ziwalipie samaki deni lao la 44,000. Faida ya msimu mzima ni 110,000. Kwa mwaka, kama 188,000. Kurudisha 800,000 ni miaka minne na miezi mitatu. Hujajilipa mshahara, hujanunua pampu nyingine ya kwanza ikifa, na hakuna samaki aliyeibwa na paka.

“Mjomba,” mpwa wangu akanikatiza kwenye simu, “lakini kule mtandaoni wanasema mwaka mmoja tu hela imerudi!”

Nikamuuliza, “Kwenye hesabu yao umeme wameuweka wapi?” Kimya.

USIKU WA LUKU

Hesabu hiyo ni ya mambo yakienda sawa. Twende Ndala, Shinyanga mjini, kwa mtoto wa baba yangu mdogo, aliyewahi kufanya kazi mgodini na kurudi na kiinua mgongo chake. Alilifunga tanki uani, likapendeza, majirani wakaja kushangaa, watoto wakawapa samaki majina.

Mwezi wa sita wa ufugaji, uniti za LUKU zikaisha saa nane usiku. Nyumba nzima imelala. Pampu kimya. Samaki wakishakuwa wengi na wakubwa kwenye lita 1,000, hewa iliyo ndani ya maji inawatosha kwa saa chache tu. Asubuhi alikuta matumbo meupe juu ya maji.

“Kaka, nilisimama pale nikahisi kama nimefiwa,” aliniambia. Shemeji ndiye aliyekuwa na akili za haraka: waliokuwa bado na uhai aliwapaka chumvi, akawakaanga, mtaa ukala ugali wa sato. Ile laki mbili ya mauzo ilikwisha siku ileile. Ukirudi kwenye hesabu yetu, usiku mmoja umekula faida ya mwaka mzima na chenji juu.

Kwa hiyo anayelifunga aweke betri ya akiba ya pampu ya hewa. Hiyo nayo ni hela, na kwenye 800,000 yangu sijaiweka.

GEITA JE?

Wana Geita msicheke, zamu yenu imefika. Kule mzunguko wa fedha upo. Mgodi wa GGM upo tangu mwaka 2000, maduara ya wachimbaji wadogo yapo, na mtu akitoka kwenye karasha na mgao wake haulizi bei ya kitoweo. Mtu atasema basi sato wa tanki ataruka kama njugu.

Ataruka nini wakati ziwa liko mlangoni? Sato wa mwalo wa Nkome na wa Kasenda kule Chato hajalipiwa umeme wala chakula cha dukani. Januari 2024 Rais Samia alizindua Mwanza mikopo ya boti na vizimba vya kufugia samaki ziwani. Mwenye vizimba ananunua chakula kwa tani, wewe unanunua kwa kilo; utashindana naye kwa bei gani? Na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, hata gari la mboga na samaki kutoka upande wa Mwanza halisubiri kivuko. Kwa Geita, tanki la kuuza sato nalikataa waziwazi. Shinyanga iko kama kilometa 160 kutoka Mwanza, angalau samaki mbichi wa uani ana cha kujitetea.

Kuna la pili, na hili ni la afya. Matanki yale meupe yaliyotumika yanatoka kwenye kazi mbalimbali, mengine yalibeba kemikali. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha lilibeba nini, liache hata akikupa bure. Kokoto na mchanga usichukue kwenye marudio ya dhahabu. Kule huwa kuna zebaki, na sumu hiyo ikiingia kwa samaki inaishia kwenye sahani ya mwanao. Kokoto safi nazo zipime: dondoshea siki, zikitoa povu ni za chokaa, zitakuharibia maji. Na maji ya bomba yaache wazi siku moja au mbili dawa ipungue kabla ya kuyaingiza.

MDOGO WAKE TANKI

Nikiwa nazunguka, mzee mmoja wa pembeni ya Shinyanga mjini alinionyesha kitu akanicheka. Shimo la mita 5 kwa 2, kina mita 1, limetandikwa turubai zito. Ndani sato. Pembeni matuta ya mboga. Kila jioni mjukuu anachota ndoo kwenye bwawa, anamwagia mboga. Hakuna pampu, hakuna LUKU.

“Kijana, hiyo yenu ya umeme na hii yangu zina tofauti gani? Mavi ya samaki ni yaleyale,” akasema.

Nikamfanyia hesabu kwa bei zilezile. Gharama ya kuanza, kama 300,000. Samaki 40 tu, kwa kuwa hakuna pampu. Wakibaki 30 ni kilo 12, mauzo 120,000. Vifaranga 12,000, chakula 72,000. Maji ni mengi zaidi, kwa sababu jua linakunywa na matuta yanakunywa, lita kama 110 kwa siku. Kwa bomba, pamoja na kujaza, ni 66,000. Samaki wana hasara ya 30,000, bado walewale! Lakini matuta ya mita 10 za mraba, tukisema yatoe mafungu 30 kwa wiki, yanaingiza 252,000. Toa mbegu na hasara ya samaki, mkononi inabaki 208,000 kwa msimu. Ile laki tatu inarudi kwa miezi kama kumi.

Juu ya hayo, bwawa linavumilia chakula cha kusaga nyumbani. Pumba na mashudu ya alizeti vipo tele, na mashudu ya pamba kidogo kwa kuchanganya, maana hii ni nchi ya pamba. Kwenye tanki uji huo unachafua maji na kuziba mabomba.

Lakini subiri, usikimbilie jembe. Kama maji unanunua kwa dumu la lita 20 kwa shilingi 300, bwawa lile litakula karibu laki tano za maji kwa msimu. Usiliguse! Tanki kwa madumu litakula kama 120,000, na faida yako yote itabaki kama elfu sita. Halikuui, lakini halikuvushi.

NANI ANAYETAJIRIKA?

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa kimataifa uliowahoji watu 257 wanaofanya akwaponiki ya biashara, wengi wao Marekani. Waliopata faida ndani ya miezi 12 iliyopita walikuwa asilimia 31. Utafiti ukaonyesha pia kwamba wenye faida zaidi walikuwa wale wanaouza na vitu visivyoliwa: vifaa, ushauri, mafunzo.

Mtu wa Geita hahitaji kutafsiriwa hapo. Duarani wanaingia mia, wanaotoka na dhahabu ya kujengea wanahesabika. Lakini mwenye karasha analipwa kila siku, na mama lishe analipwa kila sahani. Basi ukiitwa kwenye semina ya sato yenye kiingilio, jiulize aliyesimama mbele anauza samaki au anakuuza wewe.

Dada yangu nilimsomea daftari lote kwa simu. Ana bomba uani na nafasi nyuma ya ghala. Mtaji wa mchele haukuguswa. Mpwa wangu alipewa laki tatu na sepetu. Alinuna siku mbili, ya tatu akaanza kuchimba.

NENO LANGU KWAKO

Kama una bomba na uwanja, chimba bwawa, weka matuta. Kama umepanga, uani ni pa kuanikia nguo tu, na nyumbani mboga haikosekani mezani, tanki moja linakufaa, tena zuri: mboga mnakula Agosti wakati sokoni zimekauka, sato mnakula sikukuu. Lihesabu kama unavyohesabu jiko au friji. Kama ni la kutajirikia, na hasa kwa mkopo, achana nalo.

Na yeyote atakayekuja na hesabu ya faida, mwambie akuonyeshe mistari mitatu: chakula, umeme, maji. Akikosa mmoja, mfunge daftari lake, mnunulie soda, mwage kwa amani.